Macho ya Mipira ya Tenisi: Rekodi za Mazimwi ya Visiwani

Mtayarishaji wa filamu mwenye mfuko mwembamba hukabiliwa na maswali matatu kabla hata zimwi lake halijatoka majini. Kwa nini hawa watu wasikimbie? Jeshi liko wapi? Na dubwana lenye ukubwa wa nyumba liliishije miaka yote hiyo bila kuonekana? Kisiwa hujibu yote matatu bure. Mashua imezama, redio imekufa, kimbunga kinakaribia. Kilichobaki ni kuliwa tu. Tena kisiwa hakidai maghorofa, barabara wala umati wa watu wa kulipwa posho, na ufuo mmoja wenye minazi miwili mitatu unaweza kuwa Pasifiki leo na Karibi kesho. Ndiyo maana watengenezaji wa filamu za mazimwi za bei poa wamekuwa wakirudi kisiwani tangu miaka ya 1930. Zifuatazo ni rekodi za fani hiyo kwa hesabu yangu mwenyewe. Hakuna jopo lililoketi, na rufaa hazipokelewi.

Rekodi ya kurudi mbio kuliko wote inashikiliwa na *Son of Kong*. Baba yake, *King Kong*, alitoka Machi 1933 kwa gharama ya takriban dola 670,000, na hapo hatuzungumzii umaskini. Studio ya RKO ilipoona tiketi zinavyokwisha, ikataka mwendelezo mwaka uleule, kwa bajeti isiyofika nusu ya ile ya kwanza. Desemba 1933 mtoto alikuwa tayari kwenye skrini, mpole na mwenye vituko vya kuchekesha. Kisiwa ni kilekile, ambacho hadithi inakiweka magharibi ya Sumatra, katika bahari hiihii inayopiga fukwe za Mombasa na Mtwara. Mwishoni kinazama chote, kwa hiyo filamu ya tatu ikawa imefungiwa mlango.

Kwa faida, nampa taji Roger Corman na *Attack of the Crab Monsters* ya mwaka 1957. Iligharimu kama dola 70,000 na kuingiza zaidi ya milioni 1. Wanasayansi wanatua kwenye kisiwa cha Pasifiki kuchunguza athari za majaribio ya nyuklia, na huko wanakuta kaa wakubwa mno. Kaa mwenyewe alikuwa gamba zito lenye mwigizaji ndani, Ed Nelson, na hakuna anayeweza kumtazama leo bila kutabasamu. Lakini mwandishi Charles Griffith alikuwa na akili kuliko bajeti yake. Kila mtu anayeliwa, akili zake zinahamia kwa kaa, na usiku kaa anawaita walio hai kwa sauti ya mwenzao aliyekufa. Sauti haina gharama. Kisiwa nacho kinameguka na kutumbukia baharini siku hadi siku, jambo tunaloambiwa zaidi kwa mngurumo na kwa maneno ya waigizaji kuliko kwa macho. Corman alikuwa amemwagiza Griffith kwamba kila tukio liwe na taharuki au kitendo, na agizo hilo ndilo lililoifanya filamu ya dakika 62 isiwe na pa kupumzikia. Griffith alijitolea pia kuongoza picha za chini ya maji kwa dola 100. Mmoja wa waigizaji, Russell Johnson, alikuja kukwama tena kisiwani, safari hii kwa miaka, kama Profesa wa *Gilligan's Island* kwenye televisheni.

Corman huyohuyo ndiye mwenye rekodi ya zimwi lililotokana na vitu vya dukani, na hapa inabidi tukae kidogo. *Creature from the Haunted Sea* ilitoka 1961, lakini mwanzo wake ni hesabu ya kodi. Corman alisikia kwamba Puerto Rico inatoa nafuu kwa anayekwenda kuzalisha bidhaa huko, na filamu kwake ilikuwa bidhaa kama viatu. Akapeleka kikundi kimoja kutengeneza filamu mbili. Moja ilikuwa *Last Woman on Earth*, ambayo mwandishi wake, kijana Robert Towne, alikuwa hajamaliza mswada. Kumlipia mtu nauli aandike tu ilikuwa israfu, kwa hiyo Towne akasafirishwa kama mwigizaji, aigize na kuandika hukohuko. Kazi ilipokaribia kwisha, watu walikuwa bado wapo, kamera ipo na jua lipo. Corman akampigia simu Griffith kuagiza mswada wa tatu ndani ya siku chache. Griffith akachukua kisa alichokwisha kukitumia katika filamu nyingine, akabadilisha majina na mahali, akakigeuza kichekesho. Jambazi mwenye mashua anawasafirisha maofisa wa Cuba waliokimbia mapinduzi na sehemu ya hazina ya nchi. Mpango wake ni kuwaua mmojammoja na kulisingizia zimwi la baharini. Kumbe zimwi lipo kweli.

Zimwi hilo lilitengenezwa na Beach Dickerson, mwigizaji wa kundi hilo. Alichukua vazi la kuzamia, akalibandika vishungi vya kuvumwani na stilwaya za kusugulia masufuria, akaongeza kitambaa cheusi cha kung'aa ili lionekane lina utelezi. Mipira ya tenisi ikawa macho, na ile midogo ya tenisi ya mezani ikawa mboni. Picha zilikamilika kwa siku chache tu. Filamu hii ina jambo moja ambalo wenye fedha hawathubutu: zimwi linashinda. Linawala karibu wote na kubaki na hazina. Na Towne, aliyeigiza jasusi mpumbavu kwa jina la bandia, alikuja kuchukua Oscar kwa mswada wa *Chinatown*. Sijui darasa gani la uandishi lingemfunza zaidi.

Zimwi lisilojificha hata kidogo ni la *The Killer Shrews* ya mwaka 1959, iliyopigwa Texas. Kirukanjia, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na harufu mbaya, amekuzwa maabara hadi akawa na ukubwa wa mbwa. Na mbwa ndiye aliyemwigiza. Waliletwa mbwa wa kuwindia, wakavishwa manyoya ya ziada, wakaambiwa wakimbie. Picha za karibu zilitumia vichwa vya bandia vyenye meno, lakini mbwa wakipita kwa mbali unawaona wanavyofurahia matembezi. Kinachochekesha zaidi ni kwamba mwongozaji, Ray Kellogg, alikuwa bingwa wa picha za ujanja aliyewahi kusimamia idara hiyo katika 20th Century Fox. Mfadhili alikuwa Gordon McLendon, tajiri wa redio na majumba ya sinema wa Texas, aliyetaka filamu mbili za kuonyesha kwa mpigo mmoja. Soko lake kubwa lilikuwa sinema za kutazamwa ndani ya magari, na wasomaji wanaoikumbuka draivu-in ya Msasani, Dar es Salaam, au zile za Nairobi wanajua kwamba katika ukumbi wa namna ile nusu ya watazamaji hawaitazami filamu. Hata hivyo namna mashujaa wanavyotoroka ni ya werevu: wanaunganisha mapipa matupu, wanajifunika nayo, na kutembea wameinama hadi baharini huku mbwa wakigonga mabati. Sina la kudharau hapo.

Kwa mwendo wa polepole, hakuna wa kushindana na Tabonga wa *From Hell It Came* (1957). Ni kisiki cha mti kinachotembea, chenye uso wa mzee aliyeudhika na kisu kilichochomekwa kifuani. Mwanamfalme ameuawa kwa hila, amezikwa, na kaburini umeota mti wa kisasi. Ubunifu ulikuwa wa Paul Blaisdell, fundi hodari wa mazimwi ya miaka ile, na kwa kumtazama tu nakiri ni kazi nzuri. Tatizo ni kwamba mtu aliyekuwa ndani hakuweza kukunja magoti vizuri, hivyo kila anayeuawa analazimika kusimama na kumsubiri muuaji wake.

Ufilipino inastahili kombe la kuuza tiketi. Mwaka 1959 Gerardo de León aliongoza *Terror Is a Man*, iliyochota kwa H. G. Wells na daktari wake Moreau anayegeuza wanyama kuwa watu. Kabla ya tukio la upasuaji kengele ililia ukumbini, wenye moyo mwepesi wafumbe macho. Ikalia tena, wafumbue. Mtayarishaji wake Eddie Romero aliendelea na kile kilichokuja kuitwa mfululizo wa Kisiwa cha Damu. Wanawake walioingia kutazama *Brides of Blood* walipewa pete za ndoa za plastiki. Kwenye *Mad Doctor of Blood Island* watazamaji walipewa pakiti za maji ya kijani na kuapishwa kutoka kwenye skrini kabla ya kuyanywa, ati kinga dhidi ya damu ya kijani ya zimwi. Katika filamu hiyohiyo, kila zimwi linapotokea kamera inavuta karibu na kurudi nyuma kwa kasi mpaka kichwa kinazunguka. Ilikuwa njia ya kuficha sura ambayo haikuiva vizuri, na pia njia ya uhakika ya kumtia mtu kichefuchefu bila kunywa chochote. Lakini usiwacheke mafundi hao. De León na Romero wote wawili walitunukiwa hadhi ya Msanii wa Taifa, heshima ya juu kabisa ya sanaa nchini mwao.

Wajapani nao walifika kisiwani kwa kubana matumizi. Kujenga mji mdogo wa kukanyagwa na Godzilla ni kazi ya mafundi wengi. Msitu na ufuo ni nafuu zaidi. Kwa hiyo mwaka 1966 studio ya Toho ikampeleka kisiwani kupambana na kamba-koche mkubwa aitwaye Ebirah. Hadithi hiyo ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya King Kong, ndiyo maana Godzilla anaonekana ana tabia za kuazima: anaamshwa na radi na kumkodolea macho msichana. Mwaka uliofuata akapewa mtoto, kwenye kisiwa kingine.

Pambano la mwaka, na pengine la karne, ni la *Zombi 2* ya Lucio Fulci (1979). Msukule anapigana na papa chini ya maji. Papa ni wa kweli. Ndani ya msukule alikuwamo Ramón Bravo, mpigapicha wa baharini wa Mexico aliyewajua papa kwa kazi, na anamkumbatia samaki yule kama mtu anayebeba gunia. Sehemu nyingine za filamu unaweza kuzisahau.

Mwongozaji aliyepanda juu zaidi baada ya kuanguka chini zaidi ni James Cameron. *Piranha II*, iliyopigwa Jamaika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina samaki wala nyama wanaoruka angani kama popo na kuvamia hoteli ya kitalii. Cameron aliajiriwa kwa kazi za picha za ujanja, akapandishwa kuwa mwongozaji, kisha mtayarishaji akamnyang'anya uhariri. Akiwa Roma katika kipindi hicho cha dhiki aliugua homa, na ndoto yake ikawa chanzo cha *The Terminator*. Baadaye *Titanic* na kisha *Avatar* zikawa kila moja kwa zamu yake filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani.

Imebaki iliyo bora. Watu wengi wangetaja *White Zombie* ya 1932, filamu ndefu ya kwanza ya misukule, iliyopigwa kwa siku 11 kwa mapambo yaliyoazimwa kutoka *Dracula* na nyingine. Inasimulia Haiti wakati Haiti yenyewe ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani, na tukio la kinu cha sukari ni zito: msukule anatumbukia ndani, wenzake wanaendelea kusukuma. Lakini mimi nachagua *I Walked with a Zombie* ya mwaka 1943. RKO walimwekea mtayarishaji Val Lewton masharti: gharama isizidi dola 150,000, urefu usizidi dakika 75, na jina litatoka ofisini. Lewton akapokea jina hilo la kutisha watoto, akaliwekea ndani kisa kilichochota kutoka *Jane Eyre*, na Jacques Tourneur akakiongoza.

Muuguzi kutoka Kanada anakwenda kisiwa cha kubuni cha Karibi kumwangalia mke wa mwenye shamba la miwa. Bustanini pana sanamu ya Mtakatifu Sebastian aliyechomwa mishale, iliyokuwa pambo la mbele ya meli ya watumwa, na wenyeji wa kisiwa hicho bado hulia mtoto anapozaliwa. Sir Lancelot, mwimbaji wa kalipso kutoka Trinidad, anaimba aibu ya familia ile mbele yao, kwa upole unaoudhi kuliko tusi. Hakuna kucha wala damu. Kuna upepo katika miwa, ngoma ya mbali, na mlinzi mrefu Darby Jones aliyesimama njia panda bila kupepesa. Pemba mwaka 1995 hofu ya popobawa, zimwi la usiku, iliwatoa watu ndani wakalale nje kwa makundi, na hakuna aliyewahi kuonyesha picha yake. Kisichoonekana ndicho kinachotisha, na Lewton alilijua hilo bila kufika Pemba. Filamu ina dakika 69. Ukiwa na usiku mmoja tu wa kuzipa filamu hizi, anza na hii ukiwa peke yako, kisha waite majirani mtazame ile ya mipira ya tenisi.