Je, Wajua? Chumba cha Mgonjwa

Je, wajua kwamba dirisha linaweza kuishinda mashine? Watafiti walipima hewa katika hospitali nane za Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vinavyoingiziwa hewa kwa mashine ni hewa kubadilika mara 12 kwa saa. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ilibadilika kama mara 28. Majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalifika mara 40. Ya kisasa yaliishia 17. Kwa anayemuuguza mtu wa kifua kikuu katika vyumba viwili vya kupanga, hiyo ni habari njema isiyohitaji umeme.

Hewa lakini hutaka pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha likiwa moja, fungua na mlango, na anayemhudumia mgonjwa akae upande ule hewa inakoingilia. Jua nalo huua vijidudu vya kifua kikuu, kwa hiyo pazia zito liondoke.

Je, wajua kwamba muuguzi Florence Nightingale alitaja mambo matano ya afya ya nyumba tangu 1859? Hewa safi, maji safi, mifereji ya maji machafu, usafi na mwanga. Hakuna hata moja lililopitwa na wakati.

Je, wajua kwamba kuna hospitali iliyochorwa kwa ajili ya mtu aliyelala chali? Ni ya Paimio, Finland, iliyofunguliwa 1933. Mchoraji wake, Alvar Aalto, aliipaka dari rangi ya kijani iliyokolea ili isichoshe macho, taa akaziweka mbali na macho ya mgonjwa, na beseni la kunawia akalipa mteremko ili maji yasipige kelele. Jaribu nyumbani: lala kitandani pa mgonjwa wako, utazame juu. Kama balbu inakuchoma macho, yeye inamchoma kutwa nzima.

Huko Pennsylvania, Marekani, walilinganishwa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Waliolala karibu na dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema na kuhitaji dozi chache za dawa kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Utafiti ulitoka 1984. Mpapai mmoja uani una kazi.

Je, wajua vipimo vya kiti cha magurudumu? Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi, na nafasi ya kugeuzia mita moja na nusu. Ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1.8, usiopungua. Choo cha kuchuchumaa kikimshinda, fundi seremala atatoboa kiti imara katikati na kukiweka juu ya tundu; ukutani afunge chuma cha kushikia.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani mwake kamwe, hata moto ukififia. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu.

Sebule yenye dirisha kubwa tumemwekea mgeni wa saa moja, na mgonjwa wa miezi sita tunamlaza chumba cha nyuma, gizani. Si haki. Sogeza makochi, umhamishie huko leo.