Bibo Huanguka, Mwezi Hauanguki. Kwa Nini?

Msimu wa korosho ukifika, nenda shambani hapa Nanganga asubuhi. Utakuta mabibo yametapakaa chini ya mikorosho. Hakuna aliyepanda kuyachuma. Bibo likiiva hukatika lenyewe, likaanguka pamoja na korosho yake. Kwa nini halipandi juu?

Dunia inalivuta. Kila kitu huvuta kitu kingine. Wewe na jirani yako mnavutana pia, lakini kwa nguvu ndogo mno, hata hamwezi kuihisi. Dunia ni kubwa sana, ndiyo maana mvuto wake tunauona. Nguvu hii huitwa nguvu ya mvutano.

Sasa tazama mizani ya kuning'iniza gunia. Ndani yake mna springi. Dunia inalivuta gunia, gunia linaivuta springi, mshale unasogea. Kumbe mizani inasoma mvuto wa dunia! Tuseme mshale umeonyesha kilo 60. Ungechukua gunia lile na mizani ile ile ukaenda navyo mwezini, mshale ungeonyesha kilo 10 tu. Korosho hazijapungua hata moja. Ila mwezi huvuta kwa nguvu ndogo, sehemu moja ya sita ya nguvu ya dunia. Katika sayari ya Mirihi ungesoma kilo 23 hivi.

Lakini Nanganga, Ruangwa na Nachingwea zote ziko katika dunia moja. Gunia likisoma kilo 60 kwako na kilo 55 ghalani siku ile ile, usiisingizie dunia. Mizani mojawapo ni mbovu, au kuna mkono wa mtu. Kabla gunia halijatundikwa, hakikisha mshale uko kwenye sifuri. Tazama pia alama ya Wakala wa Vipimo. Wao ndio hukagua mizani ya biashara.

Wengi husema kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi. Angusha korosho na jani la mkorosho kwa pamoja. Kweli, jani litachelewa. Lakini linacheleweshwa na hewa. Mwezini hakuna hewa. Mwaka 1971 Mmarekani David Scott alisimama mwezini, akaachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja. Vikafika chini pamoja.

Na mwezi wenyewe je? Dunia inauvuta, ingawa uko mbali, kilomita 384,000 hivi. Mbona hauanguki? Rusha bibo kwa mkono. Litaanguka karibu na mkorosho wa pili. Rusha kwa nguvu zaidi, litafika wa nne. Dunia ni mviringo. Kama ungelirusha kwa kasi kubwa mno, na hewa isilizuie, ardhi ingekuwa inapinda chini yake kila linapoanguka. Lisingefika chini kamwe. Lingezunguka tu. Ndivyo ufanyavyo mwezi. Uko mbioni daima, nao huizunguka dunia kwa siku 27 hivi. Dunia nayo hulizunguka jua kwa namna hiyo hiyo, kwa siku 365 na robo.

Mwezi nao unatuvuta sisi. Wanaofuata samaki Lindi wameona bahari ikijaa na kupwa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, mwezi na jua huvuta katika mstari mmoja. Bahari hujaa sana, kisha hupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Ukifika Lindi, waulize wavuvi bamvua ni lini. Usiku wake utazame mwezi.