PUNDA AKIGOMA JUANI, NAWE SIMAMA

Likizo moja ya Desemba nilikwenda Lamu kuwaona ndugu. Binamu yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa amepata kibarua cha kubeba mchanga kwa punda kutoka ufukoni hadi kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Malipo yalikuwa kwa safari. Kadiri unavyokwenda mara nyingi, ndivyo unavyopata nyingi, na yeye alikuwa anatafuta pesa za viatu na vitabu.

Safari ya sita, saa saba mchana, punda alisimama katikati ya kichochoro akagoma. Binamu akamvuta, akamchapa. Punda hakusogea. Mzee mwenye punda akaja, akateremsha shogi, akamwagia mnyama maji shingoni. Ndipo akamtazama kijana: uso mwekundu, miguu inayumba, maneno hayaeleweki.

"Ami, bado safari mbili tu," binamu akasema.

"Mwanangu, punda amekwambia basi. Wewe nani atakwambia?"

Alilazwa kivulini, akamwagiwa maji, akapepewa, akapona. Lakini swali la yule mzee bado ninalo. Tuna msemo, eti afe punda mzigo wa bwana ufike. Je, kama anayekufa ni wewe?

Kwa nini joto linaangusha mtu?

Mwili wako unataka kukaa karibu na nyuzi 37. Unapofanya kazi nzito, misuli yenyewe inatoa joto, na jua linaongeza. Mwili unajipoza kwa jasho, maanake jasho likikauka juu ya ngozi linaondoka na joto.

Sasa fikiria Lamu wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Mchana joto hupita nyuzi 30, na hewa ya bahari imejaa unyevu. Jasho linatiririka lakini halikauki upesi. Kwenye vichochoro vya mji wa kale upepo haupiti kila mahali. Basi unapoteza maji na chumvi bila kupoa. Kama unaendesha mkokoteni wa maji Kajiado au Naivasha, hewa ni kavu zaidi, jasho linakauka upesi, na unaweza kuishiwa maji bila hata kujua.

Dalili zinakuja kwa hatua

Kwanza ni misuli kukaza, kiu, kichwa kuuma na mkojo mchache wenye rangi ya chai. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Ukifika hapa, acha kazi. Kaa kivulini, legeza nguo, jimwagie maji, kunywa polepole.

Hatua ya hatari ni pale mwili unapofika nyuzi 40 au zaidi. Mtu anachanganyikiwa, anaongea ovyo, anazimia au anapata degedege. Wengi husema ati hatari ni jasho likikauka. Usingoje hilo! Anayefanya kazi nzito anaweza kuzidiwa na joto huku bado amelowa jasho. Angalia akili yake: akianza kuongea ovyo, mpoze papo hapo. Mvue nguo za juu, mmwagie maji mengi mwili mzima, mpepee, huku mwenzako anatafuta usafiri wa kwenda hospitali. Aliyezimia usimnyweshe kitu, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu.

Nguvu inatoka wapi?

Si kwenye soda, wala kwenye vinywaji vya kopo vya "kuongeza nguvu". Miraa nayo inakudanganya: inaondoa njaa na usingizi, lakini uchovu uko pale pale, wewe tu huusikii.

Kula kabla ya kutoka: uji, mahamri kwa mbaazi, viazi au ndizi. Kisha kunywa maji kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 wakati wa kazi, hata kama huna kiu. Usinywe lita tatu kwa mpigo. Maji mengi mno kwa wakati mmoja nayo yana madhara. Ukitoka jasho kwa saa nyingi, unahitaji pia chumvi, na chakula cha kawaida chenye chumvi kinatosha. Ukiwa umeishiwa maji, tengeneza haya: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bila kilima.

Na mfungo? Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi, joto likiwa kali. Anayefunga afanye kazi mara baada ya alfajiri au usiku, anywe maji kidogo kidogo kati ya futari na daku, na apunguze safari. Ukizidiwa, uhai kwanza. Dini inamruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine.

Punda naye ni mwili

Tunamwita mbishi, kumbe punda akiona hatari au akichoka hujigandisha tu. Anavumilia kiu kuliko sisi, kwa hiyo hutajua mapema kwamba ameumia. Tazama pua zinazopanuka, pumzi za haraka, masikio yaliyolegea, kujikwaa. Mteremshie mzigo, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpe maji safi anywe. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Huo unamtosha mgongoni. Usiongeze wa pili.

Punda aliyechoka ndiye anayeuma na kupiga. Shukrani ya punda ni mateke, si ndiyo? Basi mwendee kwa upande wa bega huku ukimsemesha, usipite nyuma yake karibu, na usijizungushie kamba mkononi. Akishtuka atakuburuta.

Ukipata jeraha, osha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha punda na farasi, na hupenda vidonda virefu vyembamba kama vya msumari.

Panga kabla ya jua kupanga

1. Anza alfajiri. Pumzika saa tano hadi saa tisa alasiri.
2. Kama ni wiki yako ya kwanza, anza na safari chache. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto.
3. Vaa kofia pana na shati jepesi la mikono mirefu.
4. Fanya kazi na mwenzako, kila mmoja amchunge mwenzake.
5. Kubaliana na tajiri mapema: safari ngapi, mapumziko saa ngapi. Ni rahisi kusema asubuhi kuliko mchana ukiwa umechoka.

Binamu yangu alipoteza malipo ya safari mbili siku ile. Viatu alivinunua baadaye, na vitabu pia. Punda alijua kusema basi. Wewe uliyesoma utashindwa?