Jino Hulelewa na Jirani Zake

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kauli hii yaafiki hata seli za meno. Jino huchipuka kwa ushirikiano wa tabaka mbili za kiinitete, yaani utando wa juu wa kinywa na tishu laini iliyo chini yake. Tabaka hizi hupashana habari kwa kemikali: kwanza utando huiamuru tishu, kisha tishu hushika hatamu. Mnamo 1969, wanasayansi Kollar na Baird waliunganisha utando wa jino la mbele la kiinitete cha panya na tishu ya gego, likaota gego. Basi, anayetaka kuotesha jino jipya penye pengo hana budi kuilea seli pamoja na jirani zake.