Fahamu: Kwa nini mifano ya amri kwenye miongozo ya kompyuta huwakwaza wageni

Mwongozo wa kwanza wa Unix ulitoka Novemba 1971, na kurasa za "man" zilizotokana nao bado ni kimbilio la watumiaji wa Linux na FreeBSD. Tatizo ni mifano. Kurasa nyingi hueleza kila chaguo la amri bila kuonyesha kazi hata moja ya kila siku.

Kuna pia zile alama zinazotangulia amri. Mwongozo wa FreeBSD huweka % kwa mtumiaji wa kawaida na # kwa msimamizi mkuu, yaani root. Mzoefu anaelewa, mgeni hunakili mstari mzima. Ukianza na $, alama ya mtumiaji wa kawaida katika miongozo mingine, ataambiwa amri haipo. Ukianza na #, hakitokei kitu, kwani Bash, programu inayopokea amri, huichukulia alama hiyo kuwa mwanzo wa maelezo. Hili la pili ni baya zaidi: hata ujumbe wa kosa hapati.

Mwandishi wa mwongozo, sema kwa maneno amri inapohitaji root, na utenganishe amri na majibu yake. Katika mfano wa amri ya dd, inayoweza kuandika moja kwa moja kwenye diski, usiandike jina halisi la diski kama /dev/sda. Kuna atakayeibandika ilivyo, na huenda diski yake ikafutika.