Kijana wa Kompyuta: Ajue Mengi au Abobee Katika Moja?

Mtoto anapomaliza shule na kutamani kazi ya kompyuta, wazazi wengi katika kambi zetu huuliza: je, ajifunze kila kitu kidogo kidogo, au ashike jambo moja mpaka awe bingwa? Swali hili ni zito, kwani karo hutoka katika mshahara ule ule unaonunua unga na sabuni.

Wako wasemao kwamba mshika mawili moja humponyoka. Na tuupime usemi huo kwa mambo mawili yaliyotokea Marekani mwaka 2020.

Mwezi wa Aprili, maradhi ya Korona yalipowaachisha watu kazi kwa wingi, mitambo ya kushughulikia posho za wasio na kazi katika jimbo la New Jersey ilielemewa. Mitambo hiyo ilitumia COBOL, lugha ya kuandikia programu iliyoanza kubuniwa mwaka 1959. Gavana Phil Murphy akawaomba hadharani wajuzi wa lugha hiyo kongwe wajitolee kusaidia. Ujuzi uliodhaniwa umepitwa na wakati ukawa lulu.

Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo, kampuni ya Adobe iliacha kuitunza Flash, programu iliyotumika miaka mingi kutengenezea michezo na picha za kutembea katika intaneti. Aliyejua Flash peke yake alibaki na ufundi usio na mnunuzi. Aliyejua pia misingi ya kuandika programu aliweza kuhamia lugha nyingine, kama JavaScript, maana kanuni nyingi za kazi ni zile zile.

Basi ubingwa ni mali, ila ubingwa wa chombo kimoja hufa pamoja na chombo hicho. Naye ajuaye mengi juu juu hufaa katika ofisi ndogo yenye fundi mmoja. Mtambo mkubwa ukiharibika, huitwa mwingine.

Jeshi lenyewe latuonyesha njia. Kuruti hujifunza kwanza gwaride na silaha pamoja na wenzake wote. Baadaye ndipo mmoja hupelekwa kwenye mawasiliano, mwingine kwenye tiba, mwingine kwenye ufundi wa magari.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kabla hujalipa karo, kiulize chuo: je, mwanangu atafundishwa namna kompyuta ifanyavyo kazi, namna programu inavyopangwa, na namna mashine zinavyounganishwa? Au atafundishwa kutumia programu moja tu? Msingi na utangulie, ubingwa ufuate.