UZI: "Beti kwa uwajibikaji." Sawa, lakini uwajibikaji wa nani?

1/ Wadau, kila Mswada wa Fedha ukikaribia, mjadala wa kubeti unarudi hapa mtandaoni. Mmoja anasema ongezeni ushuru, mwingine pigeni marufuku, wa tatu kila mtu abebe mzigo wake. Leo tuuchambue polepole. Kama kawaida, hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

2/ Nianze na kisa. Februari 2026, Olimpiki za majira ya baridi zikiendelea Italia, msee tunayeishi naye keja moja huku Njoro alinionyesha simu saa nane usiku. Ameweka bob 500 kwa mashindano ya kucheza dansi juu ya barafu. Nikamuuliza, "Buda, barafu umeiona wapi, zaidi ya ile ya friji?" Akacheka: "Si lazima niijue, bora odi iko poa."

3/ Hiyo 500 ndiyo ilikuwa imebaki kwa pesa za karo ambazo mamake alituma baada ya kuuza viazi kule Molo. Ilienda. Semesta hiyo hakufanya mtihani. Amenikubalia niiseme bila jina lake. Sasa jiulize: hapo nani hakuwajibika? Yeye tu?

4/ Kwanza, mchezo wenyewe. Kwa mpira unahesabu mabao. Kwa barafu, ni majaji wanaotoa alama. Salt Lake City 2002, Warusi walishinda dhahabu ya wawili-wawili kwa majaji 5 dhidi ya 4, kisha kukazuka kashfa kuhusu kura ya jaji wa Ufaransa. Wakanada wakapewa dhahabu ya pili na mfumo wa alama ukabadilishwa. Unabeti juu ya maoni ya watu usiowajua, kwa mchezo usioujua.

5/ Lakini hata ukiujua mchezo, hesabu haiko upande wako. Odi ni ile namba inayozidishwa na pesa yako ukishinda. Tuseme washindani wawili wako sawa kabisa. Odi ya haki ni 2.00 kila mmoja. Kampuni inakupa 1.85. Ile tofauti ndiyo mshahara wao, na wanaukata hata siku umeshinda.

6/ Sasa ingia kwa multibeti ya mechi 8 za aina hiyo. Nafasi yako ya kupata zote ni 1 kwa 256. Kwa bob 100, malipo ya haki yangekuwa 25,600. Kwa odi za 1.85 unapata kama 13,700. Maana yake, kwa wastani, kila soo unayoweka inarudi kama bob 54. Kadiri unavyoongeza mechi, ndivyo unavyozidi kukatwa.

7/ Hoja ya kwanza kwa mjadala: "Ni pesa ya mtu, mwacheni." Ina uzito. Mtu mzima ana haki ya kutumia jasho lake atakavyo, na wengi huweka bob 50 wikendi, mechi ikiisha yameisha. Lakini uhuru wa kuchagua unahitaji habari. Tangazo linakuonyesha aliyeshinda jakpoti ya mamilioni. Halikuonyeshi ile 1 kwa 256.

8/ Hoja ya pili: "Ongezeni ushuru." Hapa muwe makini, kwa sababu kuna ushuru wa aina mbili. Ule wa mapato ya kampuni ulipendekezwa uwe 50% mwaka 2017, ukapitishwa 35% kuanzia Januari 2018. SportPesa ikatangaza kuondoa ufadhili wa michezo nchini. Baadaye mwaka huo huo ushuru ukashushwa hadi 15%. Vilabu vya mpira ndivyo vilikuwa ngao.

9/ Aina ya pili inakatwa kwako wewe. Ushuru wa bidhaa kwa pesa unayobeti ulikuwa 7.5% mwaka 2021, 12.5% mwaka 2023, na 15% mwishoni mwa 2024. Tangu Julai 2025 ni 5% ya pesa unayoweka kwa akaunti, na ukitoa unakatwa 5% tena. Kwa hivyo mtu akisema "tutawatoza kampuni za kubeti," muulize: unatoza kampuni ama unatoza msee wa boda pale stagi ya Kaptembwo?

10/ Na kuna mtego hapo. Serikali ikizoea hiyo pesa, itataka kweli watu wapunguze kubeti? Ukipunguza wewe, mapato yake yanapungua pia. Haimaanishi ushuru ni mbaya. Inamaanisha ushuru peke yake si sera ya kulinda watu.

11/ Hoja ya tatu: "Pigeni marufuku." Julai 2019 leseni za kampuni 27 zilikataliwa kuhuishwa. Baadhi zilifunga na watu wakapoteza kazi, lakini kubeti hakukuisha. Aprili 2025 matangazo yote ya kamari yakasimamishwa kwa siku 30. Siku 30 zinapita haraka. Na ukifunga mlango wa mbele, kuna tovuti za nje zisizo na leseni wala pa kupeleka malalamiko.

12/ Sheria je? Kwa karibu miaka 60 tulitegemea sheria ya 1966, iliyoandikwa kabla mtu hajaota kubeti kwa simu akiwa kitandani. Agosti 2025 ikapatikana mpya, Sheria ya Kudhibiti Kamari, yenye mamlaka mapya ya usimamizi. Pia kumbuka: Katiba, Jedwali la Nne, inataja kamari kwa kazi za serikali kuu NA za kaunti. Kwa hivyo hata MCA wako hapa Nakuru hana ruhusa ya kusema "hilo ni la Nairobi."

13/ Kwa maoni yangu, neno "uwajibikaji" limewekwa kwa mabega ya mtu mmoja: mwenye simu. Lakini kampuni inaona kila shilingi. Inaona mtu ameweka pesa mara kumi kati ya saa saba na saa kumi usiku. Badala ya kumsimamisha, inaweza kumtumia ofa ya bure. Anayeona zaidi awajibike zaidi.

14/ Kampeni za 2027 zikipita kwenu, Naivasha, Gilgil, Molo, popote, uliza haya matatu:
– Mteja aweze kuweka kikomo cha hasara, na kampuni isiweze kukiondoa?
– Mtu akiomba kufungiwa, afungiwe kwa kampuni zote kwa mara moja?
– Pesa ngapi za ushuru wa kamari zitaenda kutibu waraibu, na wapi?
Akikujibu kwa kupigia kelele "vijana wetu" bila jibu, umeshajua.

15/ Na wewe unayebeti usiku huu: weka tu pesa ambayo ikipotea hautaitafuta. Karo, kodi na unga si za kubeti. Usifukuzie hasara. Mchezo usioujua, uache. Na kama umeanza kuficha simu, ambia mtu mmoja unayemwamini.

16/ Msee wangu alimwambia mamake mwezi wa tano, kwa simu, mimi nikiwa hapo. Mama alinyamaza sana, kisha akasema, "Kijana yangu, ungeniambia ikiwa bado ni elfu mbili." Anarudia semesta Septemba. Ile programu ameifuta, lakini meseji za ofa bado zinaingia kila Ijumaa jioni. Hizo hawezi kuzizima peke yake, na hapo ndipo siasa inaanza.

Mwisho wa uzi. Kama unapinga, pinga kwa hoja, niko hapa.